JE, WAJUA? Kidole Kinapoachia: Kutoka Nanga ya Buhaya hadi Kibodi ya Kompyuta

Kwa Kiswahili tunapiga ngoma, tunapiga gitaa, tunapiga kinanda na tunapiga nanga. Lugha imetuzoesha kusikiliza sauti inapoanza. Pale inapokoma, kidole kinapoinuka au kinapouachia uzi, hatujapapa jina. Safu ya leo ni ya mahali hapo. Inaanzia kwa wapiga nanga, chombo cha nyuzi, wa Buhaya, inapita ndani ya waya wa MIDI unaounganisha vyombo vya muziki vya kielektroniki, kisha inarudi kwa mpiga kinanda wa kwaya, awe Kashai mjini Bukoba au Kamachumu wilayani Muleba.

NANGA

Je, wajua kwamba nanga hailii kidole kinapougusa uzi, bali kinapouachia? Kidole huuvuta uzi kando, na muda wote huo kuna kimya. Uzi ukiponyoka ndipo sauti inapozaliwa. Ni kama upinde: nguvu hukusanywa wakati wa kuvuta, lakini mshale huondoka wakati wa kuachia. Kwa hiyo mpiga nanga ni fundi wa kuachia kabla hajawa fundi wa kitu kingine chochote.

Je, wajua kwamba kinachoonekana kama nyuzi nyingi za nanga ni uzi mmoja mrefu? Hupitishwa kwenye vijino vilivyochongwa kwenye ncha mbili za ubao, ukaenda na kurudi mpaka nafasi zikajaa. Nanga ya Kihaya kwa kawaida hupata nyuzi saba kwa namna hiyo. Mwili wake ni ubao mmoja uliochimbwa katikati kama sinia refu au mtumbwi mdogo.

Je, wajua kwamba chombo cha umbo hili ni alama ya ukanda wetu wa maziwa makuu? Kinapatikana Kagera, kusini magharibi mwa Uganda, Rwanda, Burundi na Kivu. Wahaya hukiita enanga. Warwanda na Warundi hukiita inanga.

Je, wajua kwamba huko Burundi kuna waimbaji wa inanga wanaoimba kwa kunong'ona? Mnong'ono hauna kidatu, lakini msikilizaji huhisi kana kwamba maneno yenyewe yanapanda na kushuka. Nyuzi ndizo zinazobeba wimbo, na sikio linaunganisha viwili hivyo kuwa sauti moja. Ukipiga nyuzi hizo kwa nguvu kupita kiasi mnong'ono unazama.

Je, wajua kwamba ukucha na nyama ya kidole hutoa sauti mbili tofauti kwenye uzi uleule? Ukucha huukunja uzi kwa kona kali, na kona kali huzaa sauti nyingi za juu, ndiyo maana mlio unakuwa mkavu na wa kung'aa. Nyama ya kidole huukunja kwa mviringo, na mlio unakuwa laini. Mahali pa kuuvuta napo pana uzito: ukiuvuta katikati kabisa, nusu ya sauti ndogondogo zinazoujenga mlio hupotea.

Je, wajua kwamba nanga ya Kihaya imeandikiwa tasnifu ya udaktari? Mugyabuso Mulokozi aliikamilisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986, akichambua tendi zinazoimbwa kwa nanga. Mwaka 1997 alichapisha makala kuhusu maisha ya Habibu Selemani, mmoja wa manju wakubwa wa nanga, aliyefariki mwaka 1993. Katika kichwa cha makala hiyo alimwita manju wa mwisho.

Je, wajua kwamba muziki wa Wahaya ulirekodiwa miaka zaidi ya 70 iliyopita? Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mitambo yake ya kurekodi, na nanga ya Kihaya ni miongoni mwa vyombo alivyovirekodi. Miaka minne baadaye, 1954, alianzisha huko Afrika Kusini hifadhi ya muziki wa Afrika ambayo ipo hadi leo.

Je, wajua kwamba zamani kinanda nacho kilikuwa chombo cha nyuzi? Katika Kiswahili cha pwani cha karne ya 19 neno hilo lilimaanisha chombo cha kudonoa kwa vidole, ndugu wa gambusi. Wageni walipoleta vyombo vyao, jina likahamia huko. Kwa hiyo ukimwambia mtoto wa Rubya kwamba kinanda cha kanisani ni jamaa wa nanga ya babu yake, jina lenyewe linakuunga mkono.

NDANI YA WAYA

Je, wajua kwamba waya wa MIDI haupitishi sauti hata chembe? Unapitisha maagizo: noti gani, imebonyezwa kwa kasi gani, imeachiwa lini. Sauti hutengenezwa upande wa pili, ndani ya sintesaiza au kompyuta. Kanuni za MIDI zilitoka mwaka 1983. Waliozisukuma zaidi ni Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani, mwasisi wa Roland, na mwaka 2013 wote wawili walitunukiwa Grammy ya ufundi kwa kazi hiyo.

Je, wajua kwamba tangu siku ya kwanza kanuni hizo zilitenga nafasi ya kasi ya kuachia? Kila noti ina ujumbe wa kuanza na ujumbe wa kuacha. Kila ujumbe una baiti tatu: ya kwanza inasema ni agizo gani na kwa chaneli ipi, ya pili ni noti ipi, ya tatu ni kasi, kuanzia 0 hadi 127. Kwenye ujumbe wa kuacha, baiti hiyo ya tatu inasema kidole kimeinuka haraka au polepole.

Je, wajua kibodi inajuaje kasi ya kidole? Chini ya kila kitufe kuna swichi mbili, moja inafika mapema kidogo kuliko nyingine. Kompyuta ndogo iliyo ndani hupima muda kati ya swichi ya kwanza na ya pili. Muda mfupi ni pigo kali, muda mrefu ni pigo laini. Kidole kinapoinuka, swichi zilezile hufunguka kwa mpangilio wa kurudi nyuma, na muda unaweza kupimwa tena. Kifaa cha kupimia tayari kipo. Kinachotakiwa ni mtengenezaji kuamua kupima pande zote mbili.

Je, wajua kwa nini wengi hawapimi? Ilikuwepo njia ya mkato. Waya wa MIDI hupitisha biti 31,250 kwa sekunde, kwa hiyo ujumbe wa baiti tatu unakula karibu milisekunde moja. Kanuni zikaruhusu kibodi isitume ujumbe wa kuacha, badala yake itume ujumbe wa kuanza wenye kasi sifuri. Kwa kuwa aina ya agizo haijabadilika, baiti ya kwanza hairudiwi, na waya unapumua. Lakini nafasi iliyopaswa kubeba habari ya kidole kinachoinuka imejazwa sifuri. Tukaokoa sehemu ndogo ya milisekunde, tukapoteza nusu ya mguso.

Je, wajua namba 64 inamaanisha nini? Kibodi isiyoweza kupima kasi ya kuachia, lakini inayotuma ujumbe kamili wa kuacha, kwa kawaida huandika 64, namba ya katikati. Ukiiona 64 inajirudia kwa kila noti, ujue hakuna aliyepima.

Je, wajua kwamba kulikuwa na sintesaiza iliyopima kuachia mwaka uleule wa 1983? Ni Prophet-T8 ya Sequential Circuits, kampuni ya Dave Smith. Ilikuwa na vitufe 76 vya mbao, ilipima kasi ya kubonyeza, ilihisi kila kidole kinavyokandamiza, na ilipima kasi ya kuinuka. Ilikuwa ghali na wachache waliipata, lakini ilithibitisha kwamba jambo hilo linawezekana.

Je, wajua kwamba faili la MIDI la wimbo mzima wa kwaya linaweza kuwa jepesi kuliko picha moja ya simu? Kwa kuwa limebeba maagizo tu, wimbo wa dakika nne kwa kawaida hutosha kwenye kilobaiti chache au makumi ya kilobaiti. Mpiga kinanda wa Nshamba anaweza kumtumia mwenzake wa Bukoba kwa mtandao dhaifu, na kasi ya kila kidole, ya kushuka na ya kuinuka, ikafika bila kupungua. Programu kama Cubase na Reaper huonyesha kasi ya kuachia ya kila noti na kukuruhusu kuirekebisha.

VIDHIBITI VIPYA

Je, wajua kwamba kwa miaka mingi kibodi ya MIDI ilishindwa kupindisha noti moja bila kupindisha zote? Gurudumu la kupindisha kidatu liligusa chaneli nzima. Mwaka 2018 ikatangazwa kanuni iitwayo MPE: kila noti inapewa chaneli yake miongoni mwa chaneli 16, moja ikiachwa kusimamia zote. Sasa kila kidole kinaweza kutikisa, kuteleza na kukandamiza peke yake, kama kila uzi wa nanga ulivyo na maisha yake.

Je, wajua kwamba kampuni ya ROLI ya London iliugawa mguso katika sehemu tano? Ni kupiga, kukandamiza, kuteleza kushoto na kulia, kuteleza mbele na nyuma, na kuinua kidole. Hiyo ya tano ndiyo kasi ya kuachia. Kibodi yao, Seaboard, ina uso laini wa silikoni usio na vitufe vya kawaida, na kidole kinaweza kuondoka juu yake kwa namna nyingi.

Je, wajua kwamba mtu aliyetupa mashine ya ngoma za sampuli alitengeneza pia kidhibiti cha mguso? Roger Linn alitoa LM-1 mwaka 1980, mashine ya kwanza ya ngoma kutumia sampuli za kidijitali za ngoma halisi. Baadaye akatengeneza LinnStrument, ubao wa miraba inayohisi kila kidole kivyake.

Je, wajua kwamba MIDI 2.0, iliyotangazwa mwaka 2020, imeifuta ile njia ya mkato? Katika ujumbe mpya, kasi sifuri haimaanishi tena kuacha. Kuacha ni lazima kusemwe kwa ujumbe wake. Na kasi, ya kupiga na ya kuachia, sasa ina ngazi 65,536 badala ya 128. Ilichukua miaka 37 kwa kidole kinachoinuka kupewa heshima sawa na kinachoshuka.

PROGRAMU ZISIZODAI PESA

Je, wajua kwamba unaweza kuanza bila kununua sintesaiza? Surge ilikuwa programu ya kuuzwa mpaka mwaka 2018, mwandishi wake Claes Johanson alipoitoa iwe huria. Toleo lake la leo, Surge XT, linapokea MPE na lina chanzo cha udhibiti kiitwacho Release Velocity, yaani kasi ya kuachia, ambacho unakiunganisha na karibu chochote ndani ya sauti. Vital, iliyotolewa na Matt Tytel mwaka 2020, ina toleo la bure, na humo chanzo hicho kinaitwa Lift.

Je, wajua kwamba piano halisi nayo ina kasi ya kuachia? Kitufe kikiinuka, kipande cha sufi hushuka juu ya uzi na kuuzima. Ukikiinua polepole, sufi hulala taratibu na sauti hufifia kama moshi. Ukikiinua ghafla, sauti hukatika. Pianoteq, programu ya kulipia ya Modartt ya Ufaransa inayokokotoa piano kwa hesabu badala ya kutumia rekodi, huipokea kasi hiyo na kuifanyia kazi.

Je, wajua kwamba kompyuta inaweza kudonoa uzi kwa mistari michache ya hesabu? Mwaka 1983, mwaka uleule wa MIDI, Kevin Karplus na Alex Strong walichapisha njia yao. Unachukua mvumo wa bahati nasibu, unauzungusha kwenye foleni ya namba, na kila mzunguko unachanganya namba mbili jirani kwa wastani. Sauti za juu huchakaa kwanza, kama uzi halisi unavyopoteza mng'ao kabla ya kunyamaza. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, foleni ya namba 100 hutoa kidatu cha karibu hezi 440. Ni njia nzuri ya kuikaribia nanga.

Je, wajua kosa la kwanza la wanaoanza? Huunganisha kasi ya kuachia na mwanzo wa sauti, kisha hushangaa kwamba hakuna kinachobadilika, au sauti inaruka ghafla. Namba hiyo haijulikani mpaka kidole kiinuke. Haiwezi kugusa kilichokwisha kusikika. Iunganishe na mambo yanayofuata: urefu wa mkia wa sauti, ukali wa filta wakati wa kufifia, au mkwaruzo mdogo wa kidole kinachoondoka.

Je, wajua adui wa kasi ya kuachia? Kanyagio la kushikilia. Likiwa limekanyagwa, noti haizimiki kidole kinapoinuka, kwa hiyo ufundi wako wa kuachia unazikwa chini yake. Fanya mazoezi wiki moja bila kanyagio.

KWAYANI NA STUDIO

Je, wajua namna ya kuijaribu kibodi ya kwaya kwa dakika tano? Iunganishe na kompyuta kwa waya wa USB, fungua programu ya kuonyesha ujumbe wa MIDI, kama MIDI-OX kwa Windows. Bonyeza noti moja, iachie ghafla. Bonyeza tena, inua kidole taratibu. Soma namba ya mwisho ya ujumbe wa kuacha. Ikibadilika, kibodi inapima. Ikibaki 64 au 0, haipimi. Kibodi kongwe inaweza kukushangaza, na mpya ya bei kubwa nayo pia.

Je, wajua kwamba kibodi isiyopima haikunyimi kila kitu? Unaweza kurekodi wimbo, kisha kuandika kasi za kuachia kwa mkono, noti kwa noti. Anza na noti za mwisho wa kila mstari wa wimbo, pale waimbaji wanapovuta pumzi. Hapo ndipo mkia unaokatika vibaya husikika kuliko mahali pengine popote.

Je, wajua pa kuanzia ukiwa na sauti ya uzi? Weka kasi ndogo ya kuachia itoe mkia mrefu, kama sekunde mbili, na kasi kubwa itoe mkia mfupi usiofika robo sekunde. Kisha ongeza kitu kimoja tu: kasi kubwa ilete tone la mkwaruzo. Acha hapo. Piga kwa siku kadhaa kabla ya kuongeza lolote, maana vidole vinahitaji muda kujifunza kwamba sasa vinasikilizwa vikiondoka.

Je, wajua kwamba ngoma nayo ina kuachia? Kiganja kinachoruka juu ya ngozi mara moja huiacha ilie. Kinachobaki hapo huizima. Saida Karoli, mwimbaji wa Bukoba, alizibeba ngoma na lugha ya Kihaya mpaka kila kona ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliufanya upya wimbo wake kwa jina la Salome. Prodyuza anayeweka ngoma za Kihaya kwenye kompyuta aupange ujumbe wa kuacha uzime sauti kwa kiganja, maana bila hilo kila pigo litalia sawasawa na ngoma itasikika kama debe.

Je, wajua kwamba vidatu vya nanga si lazima viangukie kwenye vitufe vyeusi na vyeupe? Mpiga nanga hutega nyuzi kwa sikio lake na sauti yake. Surge XT inaruhusu kupanga vidatu upya kwa faili la hesabu, hivyo kibodi inaweza kuifuata nanga, badala ya nanga kulazimishwa kuifuata kibodi.

Je, wajua kwamba jioni moja inatosha kuihifadhi sauti ya nanga moja? Fanya hesabu: nyuzi 7, kila mmoja kwa nguvu 3, kila nguvu mara 2. Hizo ni rekodi 42. Kisha ongeza rekodi ambazo wengi husahau: uzi ukizimwa kwa kidole, taratibu na ghafla, kwa nyuzi zote 7. Hizo ni 14 zaidi, jumla 56. Hizo 14 za mwisho ndizo ambazo kasi ya kuachia itakuja kuziita kila kidole kinapoinuka. Bila hizo utakuwa umehifadhi mapigo, si nanga.

Je, wajua kwamba pande zote mbili za kazi hii zinahitajiana? Kijana mwenye kompyuta anajua pa kuweka namba, lakini hajui uzi unavyopaswa kunyamaza. Mzee mwenye nanga anajua hilo tangu utotoni, wala hajawahi kulihesabu. Programu ni za bure, faili ni jepesi, waya umekwisha kujifunza kusikiliza kidole kinachoondoka. Lakini ni mkono wa mpiga nanga tu unaoweza kutuambia ile namba iwe ngapi.

Basi la mwisho, nalo ni swali la kweli kwa msomaji wa Bukoba na Muleba: je, wajua ni nani mtaani au kijijini kwako ambaye bado anapiga nanga? Mwendee na salamu. Mwombe apige uzi mmoja, kisha utazame kidole chake kinavyouachia.